Chale Zilizonizuia Kutoa Damu

Binti yangu alipoingia leba na mimba ya tatu, daktari alitoka akatuambia wazi, mimi na mkwe wangu: mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe, na damu inayomfaa imebaki chupa moja tu kwenye friji. Yeye alitaka mbili ndipo ashike kisu. "Hiyo ya pili itoke kwenu," akasema.

Nikasema nitatoa mimi. Nimezaa saba, nalima mwani, gunia lililolowa nalitoa majini mpaka kwenye uchanja wa kuanikia bila kupumzika. Damu ninayo. Mkwe wangu, mvuvi aliyekuja kupiga kambi kwetu kutoka Kilwa akaoa humu humu, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Kwenye chumba cha damu alikuwamo nesi, binti mdogo kuliko watoto wangu wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Toa upesi, mwanangu anasubiri."

"Nitatoa. Kwanza nikupime."

Akanipandisha kwenye mizani, akanipima presha, akanitoboa kidole kuona kama damu yangu inatosha. Kote nikafaulu. Nikamtupia mkwe wangu jicho pale mlangoni, na sitaficha, niliona raha. Yakaja maswali. Umekula? Umelala vizuri? Unatumia dawa? Umechanjwa chale au kuumikwa karibuni?

"Nimeumikwa mwezi uliopita, kule kijijini Kirongwe," nikasema. "Kuna mama pale anachanja mgongo kwa wembe, anabandika pembe, anafyonza damu chafu yote. Iliyobaki humu ni safi tupu."

Nesi akaweka kalamu chini. "Basi huwezi kutoa, bibi."

"Nimekwambia ni safi."

"Wembe ule hujui ulipita kwa nani. Ukiwa umepata ugonjwa wa ini juzi juzi, kipimo changu huenda kisiuone, nikampa mwanao. Urudi mwaka ukipita."

Miaka yote nimeupeleka huu mgongo wangu kwenye pembe nikijua najisafisha, na leo chale hizo hizo zinanizuia kumpa mwanangu damu. Siku hizi mgongo ukiuma naukanda kwa maji ya moto, basi.

Nikamgeukia mkwe wangu. "Wewe umeumikwa?"

"Hapana, mama."

"Panda kitandani."

"Mama, mimi na sindano hatupatani."

"Papa unamtoa kwenye nyavu kwa mikono, sindano ndiyo ikutishe?"

"Papa namwona anavyokuja, mama."

Nesi akacheka hadi akaegemea meza. Akampima naye, damu ikaonekana inafaa. Lakini kila sindano ikikaribia anauvuta mkono, mshipa haukamatiki. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawasogeleani. Miaka sita mtu huyu akinikuta njiani anainama na kupita pembeni. Nikavuta kiti, nikaushika mkono wake wa pili. Akaugeuza uso kwa haya. Mimi nikatazama ukuta.

"Inauma?" nesi akauliza.

"Kama siafu. Kumbe imeshaingia?"

Hivyo ndivyo ilivyo. Baadaye mwaka ulipita nikarudi, na sasa nimetoa mara tatu, najua ninachosema: unachomwa mara moja, unafumba na kufumbua ngumi, mfuko unajaa kabla chai haijapoa. Kosa ni kukurupuka. Mkwe wangu alitaka kusimama pale pale, dunia ikamzunguka, nesi akamlaza tena, akampa juisi na biskuti, akamwambia anywe maji mengi na nyavu asiziguse siku hiyo. Kwa mara ya kwanza akasahau haya, akala nikimtazama.

Mfuko ukaenda kupimwa. Tulikaa kwenye benchi, nikihesabu tasbihi na kupoteza hesabu. Majibu yakaja mazuri, binti yangu akaingizwa ndani, na chupa zote mbili zikatumika. Ingekuwa ile moja, leo nisingekuwa na la kuandika hapa ila arobaini ya msiba wake.

Aliletwa wodini amepauka kama kitambaa kilichofuliwa mno, mtoto wa kike pembeni yake.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya ndani, "umenitolea damu?"

"Nilikataliwa," nikasema. "Katoa mumeo."

Akageuza shingo taratibu, akamtafuta mumewe kwa macho. Nikachukua mtoto, nikatoka nje, nikawaachia nafasi.