Barakoa ya Muhogo

Juzi, kwenye ofisi moja ya kilimo hapa Mpanda, mama kutoka Mishamo alimwonyesha bwana shamba tawi la muhogo lililojikunja majani.

"Batobato hiyo, mama. Ni virusi."

Mzee niliyekaa naye benchi akavaa barakoa chapchap.

"Binadamu haambukizwi, mzee. Vinaenezwa na nzi weupe. Mama, ng'oa, choma, na mbegu usimpe mtu."

"Nimnyime jirani mbegu? Si wataniita mchawi! Hata humu nimeshagawa."

Nikamtazama mzee. Pua kaziba, mdomo kaziba, kwapani kabana fungu la vijiti vya mbegu alivyopewa na mama.

"Kachome, mzee," nikamwambia.

Akashusha barakoa. "Cha bure hakichomwi," akasema, akatoka kupanda bodaboda na fungu lake.

Nzi weupe wanasingiziwa. Sijawahi kumwona nzi kwenye bodaboda na fungu la mbegu.