Makofi Yaliyokatiza Mkopo

Nchi moja ndogo ya Ulaya ilikatiwa mkopo kwa sababu wajumbe wake walipiga makofi. Niliiandika sentensi hiyo kwa mkono wangu, mwanangu, na kwa sentensi hiyo nilimliza mwanamke aliyekuwa na umri wa bibi yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa mwanafunzi hapa Toronto, msichana wa miaka ishirini na minne, nimepata kibarua cha kuandika kadi za maelezo kwa ajili ya maonyesho madogo ya picha. Yalihusu mabaki ya Vita Kuu ya Pili: malori, mahema, buti na mablanketi ambayo jeshi la taifa kubwa liliyaacha Ulaya vita vilipokwisha. Kuyarudisha kwao ilikuwa gharama, kwa hiyo serikali yao ikawauzia wenyeji kwa mkopo.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Mkopeshaji alilalamika kwamba ile nchi ndogo inachukua vitu kwa mkopo kisha inamuuzia jirani kwa faida. Nchi ndogo ikajibu kwamba mali ikishanunuliwa ni ya mnunuzi. Halafu, katika mkutano wa amani, mjumbe wa upande uliohasimiana na taifa kubwa akasimama kusema kwamba mikopo ile ni kamba ya kuwafunga watu shingoni. Ikaripotiwa kwa telegramu kwamba wajumbe wa nchi ndogo walimpigia makofi. Mkopo ukasimamishwa. Majina ya nchi nayaacha. Waliohusika wana watoto, na utaona kwa nini hilo lina uzito.

Mmoja wa wajumbe hao alikuwa na binti aliyekuwa akiishi mtaa wa Parkdale, hapa hapa mjini, tukimwita Bibi Vera. Yeye ndiye aliyetuazima picha ya baba yake. Chini ya picha nikaweka kadi: “Alipiga makofi, na nchi yake ikakosa mkopo.” Niliipenda kadi ile. Ilikuwa fupi, kama kichwa cha habari.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, Bibi Vera alikuja kutazama. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

“Nani alimwona?” akaniuliza.

“Imo kwenye telegramu, mama.”

“Telegramu haina macho.”

Akaishusha picha ukutani, akaifunga kwa skafu yake, akaondoka nayo. Mlangoni nilimwona akijifuta machozi, nami nikajiambia ni baridi tu. Ujana una visingizio vingi, mwanangu.

Kesho yake nilipanda basi la Kipling hadi Rexdale kwa Mzee Hamisi, aliyekuwa karani wa mahakama Tanga kwa miaka thelathini na sasa akiishi kwa bintiye. Nilikwenda kutafuta pole.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Mbona uso kama umelamba ndimu?”

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, chai mkononi.

“Hiyo telegramu kaiandika nani?”

“Mwanadiplomasia wa taifa lililokopesha.”

“Wale wale waliokuwa wamechoka kukopesha?”

“Ndio hao, Mzee.”

“Na faili la hao wadogo umelisoma?”

“Sijui lugha yao, Mzee.”

“Ala! Lugha ya mshtakiwa huijui, lakini hukumu umeshamsomea. Hakimu gani wewe, hata joho huna!”

Bintiye akacheka huko jikoni. Mimi sikucheka. Mzee akaweka kikombe chini, sauti yake ikashuka. Akaniambia kwamba katika miaka yake thelathini hakuwahi kuandika “mtu huyu aliiba”. Aliandika: “shahidi wa kwanza anasema alimwona akiiba”. Mahakimu wengine walimkaripia kwamba anamaliza wino.

“Maneno hayo machache yamewarudisha watu kwa watoto wao,” alisema. “Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, binti. Wewe umeisikia ngoma ukaanza kucheza, hukuuliza kaiwamba nani.”

Asubuhi ya ufunguzi nilikwenda Parkdale na kadi mpya. Niliandika kwamba mjumbe wa nchi iliyokopesha aliripoti kuwa mtu huyu alipiga makofi, na kwamba maelezo yake mwenyewe hatukuyapata. Bibi Vera akaisoma akiwa amesimama mlangoni. Ndipo nikamuuliza nililopaswa kumuuliza tangu mwanzo: baba yake alisemaje?

“Sijui,” akajibu. “Walimfukuza kazi kwa ajili ya makofi hayo. Nilikuwa na miaka saba, na mama alinikataza kumuuliza. Baba alikuwa akikaa mezani amekalia viganja vyake, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu.”

Nikaomba radhi. Akanirudishia kadi.

“Hii ni nzuri,” alisema. “Lakini picha sikupi.”

Kwa hiyo maonyesho yalifunguliwa kukiwa na msumari mtupu ukutani, na kadi yangu mpya chini yake. Wageni waliuliza picha iko wapi, nami nikawaeleza kosa langu, mmoja baada ya mwingine, siku nzima.

Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kalamu ni ulimi usionyamaza hata mwenyewe akilala. Ukipokea habari ya mtu, leo inakujia kwenye simu kabla hujanawa uso, uliza kwanza imetoka kwa nani na huyo anatafuta nini. Kisha mwendee mwenye jina lake. Ukimkosa, sema umemkosa. Usilizibe pengo kwa sentensi tamu. Mwenyezi Mungu akujalie subira ya kuuliza na ujasiri wa kufuta ulichokosea. Akulinde na ndimi za watu, na watu awalinde na ulimi wako.

Bibi Vera aliiandikia nchi yake ya zamani barua ya kuomba faili la baba yake, akanipa niipeleke posta. Alijibiwa kwamba linatafutwa. Ameshafariki sasa, na hakuna aliyewahi kutuambia kama limepatikana.