Kitambaa cha Kombaini na Pete ya Angani

Tulikuwepo mimi, mdogo wangu Agata, mzee Gidamisi dereva wa kombaini ya kuvunia, mke wake, na Bwana Pita, mtaalamu mgeni wa udongo pale kwenye shamba la ngano la serikali, na wote waliiona aibu yangu, kwa hiyo hata nikitaka kuificha siwezi.

Bwana Pita alikuwa anarudi kwao kesho yake. Agata (nilimlea mimi baada ya wazazi wetu kufariki, ndiyo maana shule niliiacha mapema) alikuwa amemwomba tangu ngano inapandwa amwonyeshe nyota inayokufa, na ile ndiyo ilikuwa jioni ya mwisho. Giza lilipoingia Bwana Pita akasimamisha darubini yake katikati ya mabua, akatueleza polepole kwamba watu wa zamani waliona kitu cha mviringo wakakifananisha na sayari, baadaye wenzao wakaupitisha mwanga wake kwenye kioo kinachotenganisha rangi, wakakuta si sayari wala kundi la nyota, ni gesi inayong'aa, kama nguo ambazo nyota iliyozeeka imezivua.

“Kwa hiyo inakufa na bado inaangaza?” Agata akauliza, na nilijua anawawaza akina nani.

Kati yetu sisi ndugu nikaitwa kwanza kuchungulia, kwa ukubwa wangu. Nikaona kadoa hafifu tu, kama pumzi kwenye kioo. Sasa, kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi kwenye kioo cha kombaini, na mzee Gidamisi alishanifundisha kwamba ukiona doa huulizi, unafuta, basi nikazunguka mbele nikafuta kile kioo kikubwa cha darubini kwa kitambaa changu cha mfukoni (chenye grisi ya kutwa nzima), kikazidi kufifia, nikakitemea mate, nikafuta tena, mpaka Bwana Pita akanishika mkono.

“Lile si vumbi,” akasema taratibu. “Ndiyo nyota yenyewe. Unatazama pembeni kidogo, ndipo inatokea kama pete ya mwanga.”

Agata akaweka jicho, akakaa sana. “Naona ukungu tu, Kaka.”

Mzee Gidamisi akasema afadhali, mbingu ikishapakwa grisi haitashika kutu, mkewe akacheka mpaka akakaa chini. Agata hakucheka. Asubuhi gari likaondoka na darubini.

Tangu hapo sifuti kitu bila kuuliza, hata miwani yangu. Jioni nyingine hutoka nje nikatazama pembeni kidogo ya giza, nikingoja. Na Agata, ambaye sasa ana wajukuu, kila akija hapa kwetu Gendabi hunipa shikamoo, kisha hukinga kiganja.

“Kaka, pete yangu?”

Namwambia bado.