Kunde Nilizoziosha

Bibi hupima mbegu kwa jino. Akiuma kunde ikalia "ka!", inaingia kwenye kibuyu pamoja na majivu. Ikibonyea, inarudi juani. Mimi, mwenye digrii na nisiye na kazi, niliyaonea aibu majivu yale.

Baada ya mavuno nilizimwaga kunde zake kutoka kibuyuni, nikaziosha, nikazianika asubuhi moja tu, nikazifungia kwenye chupa ya plastiki. Sikuuma hata moja. Niliwaza vijidudu vya mdomoni.

Novemba nilipofungua chupa, harufu ya uvundo ilinipokea. Zilikuwa zimeshikana kwa ukungu. Na kijijini kwetu, upande wa Nambilanje, hakuna mwingine aliyebaki na kunde zile nyekundu. Wenzetu waliziacha kwa sababu huchelewa kukomaa. Nilitikisa kibuyu. Kiganja kimoja cha kunde kilikuwa kimebaki chini, ndani ya majivu.

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. "Msomi, mbegu umeziogesha kama kichanga! Hukuzipaka na mafuta?" Kisha akakaza uso. "Mwache mama apumzike na vibuyu vyake. Nenda Nachingwea, mbegu zimejaa madukani."

Kwetu mjomba akishasema, limekwisha.

"Hapana, mjomba," nikasema. "Hizi nimeziua mimi. Nitazirudisha mimi."

Bibi alinisogezea kibuyu.

Nilihesabu kumi, nikazifunga kwenye kitambaa chenye maji kuona kama zina uhai. Nilikifungua kila baada ya muda mfupi. Je, maji ni mengi? Je, jiko liko karibu mno? "Hata kuku angesusa mayai kwa kuchunguliwa hivyo," bibi akasema. Siku ya nne, saba zilikuwa zimetoa mizizi. Usiulize nilivyoziwaza zile tatu.

Mvua iliposhika nilipanda nusu. Nusu nyingine niliirudisha kwenye majivu, nikaziba kibuyu kwa gunzi. Mjomba alipita akaniambia nimeanza uchawi. Nikaendelea kupalilia.

Mwaka huu zimezaa. Nilipozianika, mjomba alikuja na kikopo, eti anataka kidogo za kupanda kwake.

Nikampa moja. "Uma kwanza."

Akauma. Ikabonyea.

"Bado," nikamwambia. "Rudi keshokutwa, mjomba. Na hicho kikopo kiache nyumbani. Njoo na kibuyu."