Benchi la Nasibu

Gulnar hakuwapenda watu wa mtaa wa Nyasubi, na hakuona sababu ya kuficha. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amewapikia chai. Alijua nani anataka majani makali, nani anataka tangawizi mpaka koo liwashe, nani hali kachori isiyotoka jikoni saa hiyo hiyo. Lakini kujua mtu anavyokunywa chai si kumpenda. Walipomsifu aliwaambia wanywe kabla haijapoa. Walipocheka mno aligonga chujio kwenye birika, nao wakateremsha sauti. Mgeni wa mji alishangaa kuona hoteli ya mama mwenye ulimi ule inajaa kila asubuhi. Wenyeji hawakushangaa. Wao walimjia Nasibu, mumewe.

Mtu mwenye njaa katika mtaa ule wa nyuma ya soko hakuwa na kisingizio. Kulikuwa na supu ya kongoro tangu alfajiri, wali wa Suzana, mabanda ya chipsi, nyama choma kuanzia saa kumi, na akina mama wa karanga na michembe ya viazi vikavu waliokaa chini ya miavuli iliyochanika. Huko kote mtu alikula, akafuta mdomo, akaondoka. Kama alitaka kukaa, akae kweli bila kuangaliwa sahani, alikwenda kwenye baraza la Gulnar, kwenye benchi refu la mninga ambalo Nasibu alilichonga mwenyewe alipoacha kuendesha malori ya pamba. Nasibu hakuweza kuona mtu anapita bila kumkaribisha. "Kalibu chai!" alipaza sauti, kwa ulimi wake wa Kisumbwa. Mpita njia angeweza kujibu asante akaendelea na safari yake, maana ndivyo watu wanavyokaribishana. Wengi walikaa.

Gulnar mwenyewe alizaliwa Shinyanga mjini, katika duka la vitenge la baba yake. Alipokuwa na miaka ishirini na mbili alimpenda dereva aliyekuja kununua turubai. Baba yake hakumpiga wala hakupiga kelele. Aliondoa sahani ya Gulnar mezani, akaagiza kwamba jina lake lisitajwe tena wakati wa kula. Dada yake Mehjabin aliendelea kukaa mkabala na nafasi tupu, akala. Ndicho kitu ambacho Gulnar hakuwahi kukisamehe, ule ulaji wa Mehjabin. Hakuomba radhi, hakurudi, hakuandika barua. Alizaa mtoto mmoja, Mwamvua, ambaye sasa anafundisha Dodoma, na mtaa mzima ukamwita Mama Mwamvua. Miaka thelathini na saba ilipita, naye akajiona ameshinda.

Mwezi wa nne mwaka huu Nasibu alianguka bafuni. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu, na nusu ya mdomo. Alirudi kutoka hospitali akiwa amekonda, maneno yake yakitoka moja moja. Kila asubuhi Gulnar alimwosha, akamvalisha kofia yake, akamkokota mpaka kwenye benchi. Wanaume wa benchi walikuja kama kawaida. Benjamini fundi cherehani alimshikia kikombe. Amosi wa bodaboda alimsomea matokeo ya mpira. Deusdedit, fundi wa karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, alimletea habari za machimbo ya Rwamgasa: duara lipi limetoa, lipi limejaa maji, nani ameoa kwa dhahabu aliyokuwa bado hajaiona. Nasibu alicheka kwa upande mmoja wa uso. Daktari alikuwa ametoa dawa za aina tatu, lakini Gulnar aliona kwa macho yake kilichokuwa kinamweka mumewe hai. Aliwachukia kwa kuwahitaji.

Kisha mama yake Benjamini akafa.

Chama cha mtaa kina sheria zake kuhusu msiba, na hakuna asiyezijua. Mahali pote pa chakula hufungwa hadi watu warudi kutoka makaburini. Kila mwanamke huja mwenyewe na mzigo wa kuni na ndoo ya maji, akaketi mkekani na wenzake. Gulnar alifunga hoteli. Lakini kwenda hakuweza, kwani asubuhi ile Nasibu alikuwa amejichafua mara mbili, na hakuweza kuachwa peke yake hata dakika tano. Basi alipika sufuria kubwa ya pilau, pilau ya watu arobaini, akampa Amosi aipeleke kwa pikipiki.

Jioni sufuria ilirudi. Mtu aliiweka kizingitini bila kubisha hodi. Mfuniko ulikuwa haujafunguliwa.

"Umetutupia chakula kama watu tuliokuja kuomba mlangoni kwako," Dorah alimwambia siku ya pili. Dorah alikuwa mwenyekiti wa chama, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na alikuja na akina mama wanne nyuma yake. "Msibani hatuli vya kuletewa, mayu. Tunapika pamoja."

"Nina mgonjwa."

"Mgonjwa tungekuja kumlinda sisi. Ungesema neno moja tu. Hukusema."

"Sijazoea kuomba," alisema Gulnar.

"Basi utazoea." Na Dorah akaisema hukumu pale pale barazani. Gulnar na nyumba yake wametengwa. Asiuziwe, asinunuliwe, asisalimiwe, hata mtoto asimpe shikamoo. Itakuwa hivyo mpaka alipe mchenya, ile faini ya Kisukuma isiyolipwa mkononi: achinje mbuzi, apike kwa mkono wake, mtaa mzima ule hapo hapo kwake.

Gulnar alicheka. Aliwaambia kwamba ametengwa na watu wanaojua kutenga kuliko wao, na bado yupo. Asubuhi iliyofuata aliwasha jiko kama kawaida, akakaanga kachori sitini, akajaza birika. Jioni alizitupa kachori hamsini na nane. Kesho yake akakaanga sitini tena, kwa hasira tu. Sukari na mafuta aliagiza kutoka mjini kwa dereva asiyejua habari za mtaa. Aliwaona wakimpita na nyuso zimekazwa, wakavuka barabara kwa Suzana, ambaye hata chai hajui kupika, huchemsha maji akayatia rangi. "Wanywe," alisema peke yake. "Wanywe waharishe."

Kilichomshinda ni benchi. Nasibu alikaa katikati yake, kofia kichwani, akangoja. Alielezwa habari ya kutengwa mara nyingi, akatikisa kichwa kwamba ameelewa, na kesho yake amesahau. Kila aliyepita alimwita. "Kalibu chai! Benja! Kalibu chai!" Benjamini aliinamisha kichwa akaongeza mwendo. Amosi alianza kupitia barabara ya nyuma. Watoto, ambao zamani walisimama kumpa shikamoo wapewe pipi, walipita mbio.

Wiki ya tatu, saa saba mchana, mlango wa uani uligongwa. Alikuwa Deusdedit, na ovaroli yake ya grisi, amepita kichochoro cha vyooni.

"Unataka nini?" aliuliza Gulnar.

"Shikamoo, Mama Mwamvua."

Muda mrefu ulikuwa umepita bila neno hilo, na lilimkera jinsi lilivyomgusa. "Nimekuuliza unataka nini."

"Kwako sitaki kitu. Nimekuja kwa mzee."

Deusdedit alikuwa mtu wa Kigoma, hana mke, hana ndugu hata mmoja upande huu. Mtu kama huyo chama ndicho baba na mama yake. Akifa, chama ndicho kitakachomchimbia kaburi. Gulnar alilijua hilo wakati anamfungulia. Alimleta Nasibu ndani, akawawekea vikombe viwili kwenye ndoo iliyogeuzwa, akawapa kisogo. Deusdedit alishika kikombe cha Nasibu na kusimulia, naye Nasibu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Siku tisa alikuja hivyo, saa saba mchana, watu wakiwa wamejilaza. Gulnar hakumshukuru hata siku moja. Siku ya tisa alimwongezea kachori.

Kisha Deusdedit aliitwa Rwamgasa kutengeneza karasha tatu, kazi ya wiki mbili.

"Nikirudi nitamletea kitu mzee," alisema akiondoka. "Hii ya kushikiwa kikombe kama mtoto haipendi. Naiona machoni."

Akabaki Nasibu na benchi. Aliita siku ya kwanza, akaita siku ya pili. Siku ya tatu hakuita. Siku ya nne, Gulnar alipokuwa anamfuta mdomo, alimshika kanga kwa ule mkono mzima.

"Gulu," alisema. "Mi... nimekufa?"

"Nini?"

"Nawaita. Hawanioni."

Gulnar aliingia jikoni. Alisimama mbele ya jiko, akalia kwa hasira, mkono mdomoni asisikike. Kisha alivua aproni, akaenda kwa Dorah na kusema mbele ya majirani wawili kwamba atalipa mchenya. Dorah hakumcheka. Alisema Jumamosi.

Alichinjiwa mbuzi, akapika wali, na akapika mchuzi. Chini hakukaa tangu alfajiri. Sheria ya mchenya ni kwamba chakula hakibakizwi. Anayeacha sahani na kitu ndani amekataa suluhu, naye atadaiwa mbuzi wake. Gulnar aliikumbuka sheria hiyo vizuri sana alipokuwa anatwanga pilipili kichaa. Alitwanga kinu cha kwanza, akaonja, akatwanga cha pili.

Walikuja wote. Walijaa barazani, wakajaa barabarani, wakakaa kwa Suzana kwenye viti vya kuazima. Gulnar aliwanawisha mikono mmoja mmoja, kama inavyotakiwa, akawapakulia mpaka sahani zikafurika. Tonge la kwanza lilipita. Tonge la pili lilimfanya Amosi akohoe. Baada ya hapo mtaa mzima ulikula huku unalia, kamasi zinawatoka, jasho linalowesha kola, na hakuna aliyethubutu kusema neno wala kuacha punje. Dorah alikula sahani yake yote, macho mekundu, akamtazama Gulnar bila kupepesa. Gulnar naye alimtazama. Hakuwa na furaha nyingine kubwa kuliko hiyo mwaka huu.

Na benchi lilikuwa limejaa. Nasibu, aliyepikiwa chungu chake kisicho na pilipili, alikuwa katikati, Benjamini kushoto kwake amemshikia kikombe, Amosi kulia akipuliza ulimi. Nasibu alikuwa anaita watu ambao tayari walikuwa wameketi. "Kalibu! Kalibu!" Nao waliitika. "Tumekaribia, mzee! Tupo!"

Dorah alinawa mikono, akafuta macho kwa kanga. "Umerudi kwetu, Mama Mwamvua," alisema. "Limebaki moja. Katika siku zile, kuna mtu alivuka marufuku yetu? Kuna aliyekula hapa?"

Gulnar hakuwa amelifikiria hilo. Alijua desturi ipo. Aliwahi kuisikia ikiulizwa kwa wengine, akiwa nyuma ya birika lake, bila kujali. Anayeficha jina huanza kutengwa upya, na anayetajwa huchukua nafasi yake. Angeweza kusema hapana, na midomo yake ilikuwa imeshajiandaa kusema hapana. Akamwona mama wa michembe, ambaye mwavuli wake uko mkabala na kile kichochoro cha vyooni, amekaza macho kwake, anangoja. Akaliangalia benchi. Benjamini alikuwa anamfuta Nasibu kidevu kwa leso yake mwenyewe.

"Deusdedit," alisema Gulnar. "Alipitia nyuma."

Ilichukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Watu walitikisa vichwa, mtu akaomba maji, mazungumzo yakaanza tena.

Deusdedit alirudi Jumanne asubuhi. Alishuka kwenye gari la Geita, akaja moja kwa moja na begi mgongoni, na alipoliona benchi lilivyojaa uso wake ulifunguka. Mkononi alikuwa na kikombe cha chuma, kizito kidogo, kimesuguliwa mpaka kikang'aa. Kilikuwa na mshikio mmoja mpana, umepindwa kuzunguka vidole vya mkono wa kushoto, na kitako kipana ili kisipinduke.

"Hamjambo wazee," alisema. "Shikamoo, Mama Mwamvua."

Hakuna aliyejibu. Benjamini alitazama viatu vyake. Amosi alichukua simu. Deusdedit alibaki na mguu mmoja kwenye ngazi, akageuza macho kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na Gulnar, aliyesimama mlangoni na birika, aliona jinsi alivyokuwa anaelewa, polepole, mpaka macho yalipomfikia yeye.

"Deusi!" Nasibu alipaza sauti. "Kalibu chai!" Alisogea kwa shida, akiburuta mguu wake, akafanya nafasi pembeni yake kwenye benchi. Akaipiga kwa kiganja. "Kalibu!"

Wote walimtazama Gulnar. Mtu mmoja tu alikuwa na haki ya kusema lolote pale barazani, naye ni mwenye hoteli.

"Hapa hakuna chai," alisema.

Deusdedit alitikisa kichwa, kana kwamba ameambiwa jambo la kweli. Aliinama, akaweka kikombe kwenye ngazi ya chini, akageuka kuelekea upande wa soko. Walimwona mpaka begi lake likapotea kati ya miavuli.

Baadaye, Gulnar alikwenda kukiokota kile kikombe. Kilikuwa kimepata joto la jua. Alikijaza chai, akakitia kwenye mkono wa kushoto wa mumewe, na vidole vikaingia kwenye mshikio mahali pake kabisa. Nasibu alikiinua mwenyewe, bila msaada wa mtu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Wanaume walimshangilia. Yeye hakunywa. Alikuwa anaangalia ile nafasi aliyoifanya kwenye benchi, ambayo hakuna aliyeikalia.

"Gulu," aliuliza. "Deusi amekufa?"

"Kunywa," alisema Gulnar. "Kunywa kabla haijapoa."