Kibanio cha Sikio la Shangazi

Shangazi yangu ni msusi, na hasira zake zinajulikana mtaa mzima. Mimi ninayefanya naye kazi saluni nimezirithi, kwa hiyo msitarajie nisimulie kwa upole.

Ugonjwa wake ni moyo. Ukiamua lake, unakwenda mbio bila mpangilio, macho yanaingia giza, anajikuta sakafuni. Hospitali ikamwingiza kwenye utafiti: kibanio kidogo sikioni, kila siku, kikipitisha umeme hafifu. Walimweleza kuwa sikioni kuna tawi la mshipa wa fahamu unaoteremka hadi kwenye moyo, na ukichokonolewa kidogo huenda moyo ukatulia. Shangazi akakivaa kwa uaminifu. Moyo haukujali.

Siku moja kliniki akakaa na fundi viatu, naye wa utafiti uleule, aliyekuwa akijisifu kwamba sasa anapanda ngazi kama kijana.

"Hebu kaka, geuza kichwa," shangazi akasema. Kibanio cha fundi kilikuwa kwenye kijinyama cha mbele ya tundu la sikio. Chake yeye walikibana chini, pa kuvalia hereni.

Kumbe! Kufika nyumbani akakihamisha. Baada ya wiki chache alikuwa anasuka kutwa nzima huku akiimba, na kuimba hajui. Nilifurahi hadi nikalia.

Akaenda mwenyewe kumsimulia daktari.

"Mama, tulikueleza mwanzoni, ukatia saini," daktari akasema. "Wengine tunawawekea pasipo na mshipa ule, ili tulinganishe. Umetuharibia utafiti. Naomba kibanio chetu."

"Lakini nimepata nafuu!"

"Pengine ni bahati tu. Bado hatujui."

"Basi niache na bahati yangu!"

Hakuachwa. Najua kanuni ni kanuni, na daktari si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mwizi ningempigia kelele watu wakaja.

Mwezi haujaisha, moyo ukarudia mbio zake, shangazi akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Tukamlaza kwenye benchi, mkono kifuani, anahema. Mteja akajitazama kwenye kioo, akauliza nani atammalizia. Nikachukua kitana mimi. Nilisuka kwa hasira, nikivuta kila fungu la nywele kwa nguvu, mpaka mteja akapiga yowe.

"Polepole," shangazi akasema kutoka pale benchini, sauti haitoki vizuri. "Huyo hajanikosea kitu."