Tano kwa Kila Swali

Nilipoanza shahada ya uzamivu, mada yangu ilikuwa moja: kwa nini watu wa Singida huchagua mafuta haya ya alizeti na kuyaacha yale. Msimamizi wangu, profesa mwenye ofisi ya mapazia mazito, aliisoma akacheka kwa adabu.

"Hii siyo mada," alisema. "Hili ni swali la mtu aliyesimama dukani."

Nikaandika upya. Nikaandika tena. Baada ya mwaka na ushee, swali langu lilikuwa limenenepa hadi mistari mitatu, limejaa mitazamo, vigezo na uaminifu wa mteja kwa chapa. Mafuta yalibaki mwishoni kabisa, na Singida ilikuwa kwenye mabano. Profesa akasema sasa inaanza kunukia usomi.

Dodoso nilipewa tayari, limetungwa ughaibuni kwa ajili ya watu wanaosukuma vitoroli kwenye maduka makubwa. Kazi yangu ilikuwa kulitafsiri na kulipeleka vijijini. Kila kauli ilijibiwa kwa namba: moja ni sikubaliani kabisa, tano ni nakubali kabisa. Nikaanzia Mungaa, kwa shangazi yangu, kwa sababu kwake nilikuwa na uhakika wa kupewa kiti.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mama na za mjini, kisha nikafungua makaratasi na kumsomea kauli ya kwanza: "Chapa ya mafuta ninayotumia inaonyesha mimi ni mtu wa aina gani."

"Chapa ndiyo nini?"

"Jina la mafuta, shangazi. Lile lililoandikwa kwenye chupa."

Akaingia jikoni akatoka na chupa yake. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, iliyojazwa mafuta kwenye mashine ya jirani. Akaigeuza geuza, kisha akanionyesha kwa kidole. "Hapa wameandika maji."

"Basi tuseme hayo hayo. Unakubali kiasi gani, kuanzia moja hadi tano?"

"Wewe unataka ngapi?"

"Sema ya moyoni mwako."

"Tano," alisema, na kauli ya pili ikapata tano, na ya kumi vilevile. Karibu na mwisho palikuwa na kauli ya mtego, ya kumnasa mtu asiyesikiliza: "Ninaweza kuacha chapa hii wakati wowote bila kujali." Nayo ikapata tano.

"Shangazi, hapo umejipinga mwenyewe."

Aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, umetoka huko kote na jua hili. Nikupe mbili, umenikosea nini?"

Majirani zake walikuwa waungwana vilevile. Mmoja tu alinipa nne. Wenzake walimsema kwa Kinyaturu, na nilipokuwa nimeshaondoka akanifuata njiani, anahema, kuniomba nimsahihishie iwe tano.

Nilirudi chuoni nikaingiza majibu kwenye kompyuta, nikamletea profesa majedwali. Sikuwahi kumwona na furaha ile. Alisema wakulima wa Singida wana uaminifu mkubwa kwa chapa, na kwamba hilo litachapishika. Nikamweleza habari ya chupa iliyoandikwa maji.

"Hayo ni maongezi," alisema. "Usiyachanganye na data."

Nilikasirika, lakini kwa unyenyekevu, kama mwanafunzi anayesubiri saini. Nikaenda Singida mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, lililofunguliwa na babu yake. Alivaa miwani akalisoma dodoso langu lote, ukurasa kwa ukurasa.

"Wateja wangu hawana nafasi ya kujifikiria namna hii," alisema. "Kaa pale kwenye magunia ya chumvi. Usiulize mtu kitu. Na usiegemee zile sabuni."

Nilikaa wiki tatu. Niliona watu wakiinua chupa kwenye mwanga kutafuta machicha, wakifungua kifuniko na kunusa. Swali lao lilikuwa moja: yamekamuliwa na nani? Mzee akijibu kwamba ni ya yule mama wa Mgori, chupa inaingia kapuni. Akijibu kwamba hamjui mkamuaji, inarudi kwenye rafu. Jina kwenye lebo hawakulitazama. Nikaandika kurasa nne juu ya hayo, na moja juu ya adabu ya kutoa tano, nikazipenda kuliko tasnifu nzima.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje alizifikia. "Unadai wahojiwa walikupa tano kwa heshima tu. Nani amekuthibitishia?"

"Mhojiwa mmoja alinieleza mwenyewe."

"Nani?"

"Shangazi yangu."

Mtu mmoja mezani alikohoa. Mtahini akasema kurasa hizi tano zinabomoa zile nyingine zote. Ningependa kusimulia kwamba nilisimama nikamjibu kuwa ndiyo maana niliziweka. Nilisema, "Nashukuru kwa maoni. Nitazitoa." Nikazitoa, nikafaulu, nikapiga picha na joho.

Mwaka uliofuata nilialikwa kwenye semina ya wakamuaji mafuta, nikaeleza matokeo yangu kwa vielelezo vya rangi. Yule mama wa Mgori alikuwepo, kwenye safu ya mbele, anaandika kila kitu. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo, Dokta, nibandike lebo?"

Nilijua jibu. Nililikalia wiki tatu kwenye magunia ya chumvi. Lakini profesa alikuwa ukumbini, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. "Bandika," nikasema. "Utafiti unaonyesha hivyo."

Nilikutana naye sokoni miezi kadhaa baadaye. Alikuwa amekaa na beseni la maji ya moto, anabandua lebo zenye ua kubwa la alizeti na jina zuri la kampuni. Wateja walipoziona walidhani ameuza mashine kwa mgeni, wakaacha kununua. Hakunilaumu. Alinisogezea kigoda na kuniuliza kwa heshima ile ile sasa afanye nini.

Nikamwambia hilo linahitaji utafiti zaidi.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua chupa nyingine.